Mafuta yapanda, matairi yateseka: lipi la kubadilisha kwenye gurudumu na lipi la kuacha

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA ikishatangaza bei mpya za mafuta, simu ya gereji huanza kulia. Si kwamba magari yameharibika siku hiyo. Watu wana maswali. Nikiongeza upepo mpaka 45 gari litakula kidogo? Nikitia matairi membamba je? Kuna jamaa ameniambia nitoe spea, ati ni mzigo wa bure, ni kweli? Bei yetu Mombasa huwa chini kidogo ya ile ya Nairobi kwa sababu mafuta yanashukia hapa hapa Kipevu, lakini hiyo tofauti ya shilingi chache haimfai kitu mwenye tuktuk anayezunguka Kongowea na Bombolulu tangu alfajiri.

Nimeona heri niyaandike majibu mahali pamoja, ili nikiulizwa tena nimwambie mtu akasome. Tairi likibingirika kwa wepesi gari hula kidogo, hilo ni kweli. Lakini wepesi huo mara nyingine hupatikana kwa kupunguza mshiko wa tairi kwenye lami, na mshiko ndio unaokusimamisha mvua ya masika inapokukuta Mtwapa na gari la mbele limefunga breki ghafla. Si mara zote mambo haya mawili hugombana, na hapo ndipo penye maelezo.

Tairi linakulaje mafuta

Gari likitembea, kila sehemu ya tairi inayofika chini hubonyea, kisha hurudi umbo lake inapoinuka. Mpira ukibonyea na kurudi haurudishi nguvu zote ulizopokea; kiasi fulani hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana ukitoka Voi ukasimama Mariakani ukaligusa tairi utalikuta lina moto hata kama ni saa nane za usiku. Joto hilo ni petroli yako iliyopotea. Wataalamu wana jina refu la jambo hili. Mimi hapa nitaliita uzito wa kubingirika.

Ni petroli kiasi gani? Bodi ya utafiti wa usafiri ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2006 ikakadiria kwamba ukipunguza uzito wa kubingirika kwa asilimia 10, gari dogo litapunguza mafuta kwa asilimia 1 hadi 2. Basi. Kwa hivyo anayekuuzia tairi, au ushauri, kwa ahadi ya kuokoa robo ya tangi, anakuuzia maneno. Mafuta mengi hupotelea ndani ya injini yenyewe kama joto la ekzosi na rejeta, na tairi haliwezi kuyarudisha.

Kuna jambo hapa ambalo madereva wengi wanalijua kwa uzoefu bila kujua sababu yake: tairi kipara ni jepesi kuliko tairi jipya. Mpira ukishalika, kinachobonyea kimepungua, na joto linalopotea limepungua. Dereva anayekuambia "gari langu lilikuwa linakula kidogo kabla sijatia matairi mapya" hasemi uongo. Tena kuna kiini macho juu yake. Tairi jipya likilika mpaka alama ya mwisho hupoteza kama milimita 6 kuzunguka, yaani kipenyo hupungua milimita 12 hivi. Kwenye tairi dogo hiyo ni kama asilimia 2. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, na saa ya kilomita huhesabu mizunguko. Kwa hivyo saa inakuhesabia kilomita ambazo hukwenda, nawe unadhani umeokoa mafuta.

Tairi kipara si njia ya kubana matumizi. Mifereji ile ya tairi kazi yake ni kutoa maji. Ndani ya mifereji kuna vijiwe vidogo vya mpira vilivyoinuka milimita 1.6, uso wa tairi ukishalingana navyo, tairi limekwisha, hata kama kwa macho bado linapendeza. Na kwa barabara zetu, ambapo maji hutuama upande wa chini wa lami baada ya nusu saa ya mvua, mimi huwaambia wateja wasingoje mpaka hapo.

Upepo, ambao ndio wenye mambo

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumfundisha mwenye gari, nitachagua upepo. Hauna gharama, una faida pande zote mbili, na ndio unaoharibiwa zaidi.

Tuanze na uliopungua. Idara ya nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila PSI moja inayopungua kwenye matairi yote manne huongeza matumizi ya mafuta kwa asilimia 0.2 hivi. Chukua Probox inayokwenda kilomita 200 kwa siku kati ya Mombasa na Kilifi. Tuseme inakula lita 7 kwa kilomita 100, na lita ni shilingi 180. Hiyo ni shilingi 2,520 kwa siku. Upepo ukipungua PSI 10 kote, ambayo si ajabu kwa gari ambalo halijapimwa miezi mitatu, dereva anatupa kama shilingi 50 kila siku, na matairi yanalika mabega. Hapo uchumi na usalama vinasema lugha moja: tia upepo.

Sasa ule uliozidi. Dereva huyo huyo, gari lake linataka 33, anaambiwa tia 45. Hata tukimkubalia hesabu ile ile ya asilimia 0.2, ambayo ilikadiriwa kwa upepo uliopungua na si uliozidi, PSI 12 zitampa asilimia 2.4, yaani shilingi 60 kwa siku. Na ukishavuka kiwango faida huzidi kuwa ndogo. Analipa nini kwa hizo shilingi 60? Tairi linavimba katikati, likaacha kugusa lami kwa mabega. Sehemu ya mpira iliyoko chini inapungua. Linalika katikati kabla ya wakati, na tairi moja lililokufa mapema linameza hizo shilingi 60 za miezi. Kwenye barabara mbovu halibonyei tena kufuata mawimbi ya lami bali linarukaruka, na gurudumu lililo hewani haliwezi kufunga breki. Shimo ambalo tairi la kawaida lingelimeza kwa kubonyea, hili gumu linalipokea kwa nyuzi zake za ndani, na wiki moja baadaye unaona jipu ubavuni.

Wanaotia 45 huwa wameisoma namba hiyo pahali, tena kwenye tairi lenyewe. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya upepo wa juu kabisa, na namba yake mara nyingi ni 44 au 51. Hicho ni kikomo cha tairi, si agizo la gari. Kiwanda cha matairi hakijui tairi litafungwa kwenye Vitz au kwenye Noah. Namba ya gari lako iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au nguzo ya mlango ule. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kibandiko kimeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate PSI: 230 ni kama 33, 240 ni kama 35. Soma vizuri, maana magari ya mizigo huwa na namba mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, na mara nyingine nyingine ya gari lililojaa. Probox ya nyuma ikiwa imebeba magunia mpaka kioo hakionekani, kisha ina upepo wa gari tupu, hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Pima alfajiri kabla gari halijatembea. Tairi likipata moto upepo wake hupanda, kwa kadiri ya PSI moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Ukifika kituo cha mafuta Mtito Andei ukitoka Mombasa, tairi la 33 litasoma 37 au 38, na huo ni upepo halali. Nimewaona watu wanalipunguza palepale "lisipasuke", na asubuhi yake gari linaamkia 28. Hata kivuli kina kazi: gari lililoegeshwa jua likipiga upande mmoja, matairi ya upande huo yatasoma zaidi kuliko ya pili bila kosa lolote.

Watu wa safari za Nairobi huniuliza kama upepo wa Pwani unafaa kule juu. Kimahesabu, ukipanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 hivi, hewa ya nje inakuwa nyepesi na kipimo chako kitasoma kama PSI 2.5 zaidi. Lakini asubuhi ya Nairobi ni baridi kuliko ya Mombasa kwa nyuzi kumi na ushee, na baridi hiyo inarudisha PSI mbili chini. Vinakaribia kufutana. Usihangaike.

Upepo mdogo una ubaya mwingine unaohusu mvua. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, waliokuwa wakichunguza ndege zinazoteleza kwenye viwanja vyenye maji, walitoa kanuni inayoonyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji unategemea upepo wake. Kwa tairi ambalo mifereji yake imeshindwa na maji, PSI 32 inakupa kama kilomita 94 kwa saa kabla ya kuelea. PSI 20 inakushusha hadi 75. Gari la abiria linaruhusiwa kwenda 80. Hesabu mwenyewe gari la tairi laini liko wapi siku ya mvua.

Yaliyowapata wenye Ford Explorer

Kisa hiki nakieleza kirefu kidogo kwa sababu kinatuhusu sisi watu wa joto. Miaka ya tisini Ford waliuza Marekani gari lao la Explorer likiwa na matairi ya Firestone, na kibandiko cha mlango kilisema PSI 26. Upepo mdogo hulainisha safari. Firestone baadaye wakasema ilifaa iwe 30. Matairi yalikuwa na kasoro zake za utengenezaji pia, kampuni hizo mbili zikarushiana lawama, lakini mchanganyiko uliotokea barabarani ulikuwa mmoja: upepo mdogo, mzigo, mwendo wa kasi na joto. Joto likishazidi ndani ya tairi, gundi inayoshika tabaka la juu na mikanda ya chuma huchoka, na uso mzima wa tairi hubanduka kama ganda huku gari liko kasi.

Agosti 2000 matairi milioni 6.5 yaliitwa yarudishwe. Serikali ya Marekani ilihusisha ajali hizo na vifo zaidi ya 200. Visa vingi vilitokea majimbo ya kusini yenye joto. Na mwaka mmoja kabla ya Marekani kushtuka, Ford walikuwa tayari wamebadilisha matairi ya magari hayo Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba, ambako jua na mwendo wa jangwani viliionyesha kasoro mapema. Waliokuwa na ndugu wanaoendesha magari huko wakati ule huenda walisikia.

Ndiyo asili ya ile taa ya tairi kwenye dashibodi. Sheria ya Marekani iliyofuata kisa hiki ililazimisha magari madogo mapya yote kuwa nayo kuanzia mwaka wa modeli wa 2008, iwake upepo ukishuka kwa robo. Japani haikulazimisha, kwa hivyo magari mengi tunayoshusha bandarini hayana. Usingoje taa ambayo gari lako halikuumbwa nayo. Na hata ukiwa nayo, robo ya 33 ni zaidi ya PSI 8. Mpaka iwake umeshalipa.

Kubadilisha ukubwa

Soma ubavu wa tairi. 195/65R15 91H maana yake: upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15, kisha 91 ni namba ya mzigo na H ni ya mwendo. Watu husoma tatu za kwanza wakasahau ya 91, na hiyo ndiyo inayoua. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. 82 ni kilo 475. 106 ni kilo 950.

Tairi jembamba kweli lina nafuu kidogo: ni jepesi na halipasui upepo mwingi. Kwa gari dogo, kushuka ngazi moja ya upana ambayo kiwanda chenyewe kiliiruhusu kwa modeli hiyo, yenye namba ya mzigo inayotosha, mimi sina neno nayo. Mara nyingi Vitz au Fielder ya bei ya chini hutoka na tairi jembamba kuliko ndugu yake wa bei ya juu, na hiyo ya chini ndiyo inayokula vizuri. Rudi kwenye hiyo, na rimu yake.

Lakini tazama matatu. Hiace ya abiria 14 inatakiwa tairi la mizigo, lile lenye herufi C au LT, tuseme 195R15C yenye namba ya mzigo 106. Manne yanabeba kilo 3,800. Gari hilo likijaa watu na mizigo yao linakaribia tani tatu. Sasa mtu anataka gari liwe chini na liwe jepesi, anatia tairi la gari dogo, 195/65R15 lenye 91. Kwa macho rimu ni ile ile inchi 15, upana ule ule 195. Manne yanabeba kilo 2,460. Tayari yamezidiwa kabla kondakta hajaongeza wawili wa kusimama. Upepo wowote utakaotia hautalifanya tairi hilo libebe tani tatu kutoka Mombasa hadi Lamu.

Tena gurudumu lile dogo litamdanganya kwenye hesabu za mafuta, kwa ile sababu niliyoieleza ya saa ya kilomita. Kipenyo cha tairi asili ni karibu milimita 690. Hili ni 634. Tofauti ni asilimia 8. Saa itamwambia amekwenda kilomita 100, na kweli amekwenda 92. Akigawanya kwa lita ataona gari "limeboreka". Ukiwahi kusikia mtu anasifu tairi dogo kwa kuokoa mafuta, muulize kwanza kama alipima kwa saa ya gari au kwa umbali wa ramani.

Wanaokwenda upande wa pili, rimu kubwa za inchi 17 na tairi la ubavu mwembamba kwa ajili ya urembo, kwa kawaida huongeza uzito na upana, na mafuta hupanda. Sitawahukumu, harusi za Pwani zinataka gari lipendeze. Ila ubavu mwembamba kwenye mashimo yetu hupinda rimu.

Tairi la kuokoa mafuta na bei yake

Yapo matairi yaliyotengenezwa makusudi kubingirika kwa wepesi. Zamani ilikuwa lazima upoteze mshiko wa maji ili upate wepesi. Mwaka 1992 Michelin walitoa tairi ambalo sehemu kubwa ya masizi meusi yanayochanganywa na mpira ilibadilishwa kwa silika, na wakaweza kupunguza uzito wa kubingirika bila kuharibu mshiko kwenye lami iliyolowa. Leo kampuni nyingi zinafanya hivyo. Ila si zote, na tairi la bei ya chini lenye jina zuri la kijani linaweza kuwa jepesi kwa sababu tu mpira wake ni mgumu.

Njia ya kupambanua ni lebo ya Ulaya, ile karatasi ya rangi inayobandikwa kwenye tairi jipya tangu Novemba 2012. Kuna herufi ya mafuta na herufi ya mshiko wa lami iliyolowa, kila moja peke yake. Kati ya herufi bora na mbaya kabisa ya mafuta tofauti ilikadiriwa kufikia asilimia 7.5. Kati ya bora na mbaya ya mshiko, gari likifunga breki kwa kilomita 80 kwa saa, tofauti ya kusimama yafikia mita 18. Mita 18 ni kama magari manne madogo yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Ukikuta tairi lina A ya mafuta na E ya mshiko, liache dukani. B na B, au C na B, linakufaa. Karatasi haipo? Muulize muuzaji modeli kamili, kisha itafute kwenye simu kabla ya kutoa pesa.

Gari likiingia nchini halipaswi kuzidi miaka minane, na matairi yake huenda ni ya umri huo huo. Tazama namba nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa, na jua na chumvi yetu haviusaidii. Tairi la miaka minane lenye mifereji mizuri mimi nalitoa. Jambo jingine la magari ya Japani: baadhi hufika na matairi ya theluji, laini sana, yenye vikata vidogo vidogo vingi usoni na mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ubavuni. Kwenye lami ya Mombasa mwezi wa Februari yanayeyuka kama sabuni, yanakula mafuta, na gari linayumba kwenye kona. Yanauzwa kwa mitumba yakiwa bado mazito, na mnunuzi anadhani ameokota.

Spea, naitrojeni na mengineyo

Kutoa spea: uzito wa ziada wa kilo 45 hupunguza umbali unaokwenda kwa lita kwa kama asilimia 1 kwa gari dogo. Spea na jeki havifiki hapo. Unaokoa nusu shilingi kwa kila mia, kisha unapata pancha kati ya Gongoni na Garsen saa moja za usiku.

Naitrojeni: hewa ya bure ina asilimia 78 ya naitrojeni. Hiyo uliyouziwa hupungua polepole kidogo kuliko hewa ya kawaida. Ukiwa unapima upepo wako kila wiki mbili haina maana kwako.

Tuktuk ina gurudumu moja tu la mbele, nalo ndilo linaloelekeza. Madereva hulikaza mpaka ligeuke jiwe, wakasema linakuwa jepesi. Kwenye kabro iliyolowa, hasa ile iliyosuguliwa na miguu na magurudumu ya miaka, gurudumu hilo lililokazwa hurukaruka na usukani hauna la kushika. Mbele laini kidogo, nyuma ndiko kwenye mzigo, vile kitabu chake kinavyosema.

Magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka, na sote tunajua matairi ya kuazima yanayofungwa siku ya ukaguzi na kufunguliwa jioni. Hilo silo la upepo wala la mafuta, na fundi anayekubali kulifanya anajua anachofanya.

Mafuta yaliko kweli

Atakaye kuokoa zaidi ya zile asilimia mbili tatu za tairi aanze na mguu wake. Nguvu ya upepo inayolizuia gari hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 100 inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Idara ile ile ya nishati ya Marekani inasema uendeshaji wa pupa, wa kukanyaga na kufunga breki, hupoteza asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni za mjini. Foleni ya Nyali asubuhi inakuambia kwa nini. Sanduku kubwa la juu ya paa likaenda barabara kuu linakula asilimia 6 hadi 17. Keria tupu ambayo haijatumiwa tangu harusi ya Disemba iondoe leo.

Kisha matengenezo. Breki inayogusa hula mafuta na kuchoma tairi kwa pamoja. Ukishuka baada ya safari, weka mkono karibu na kila rimu bila kuigusa, na moja ikiwa na moto kuliko nyingine njoo tuitazame. Magurudumu yasiyopangwa sawasawa hujisugua kama mtu anayetembea viatu vimegeuzwa. Ukiona bega moja la tairi linalika, kupangwa kwake kunagharimu kidogo kuliko tairi.

Na nunua kipimo chako mwenyewe cha upepo. Vile vya vituo vya mafuta hupigwa chini siku nzima na vingi vimepotea namba. Pima gari limelala, baada ya swala ya alfajiri ni wakati mzuri, andika namba ya kibandiko kwenye kipande cha karatasi uibandike ndani ya kifuniko cha tangi, na ipime spea pia kila mwezi, maana spea isiyo na upepo hugunduliwa siku ya pancha. Ukimaliza rudisha vifuniko vya vali. Mchanga wa Pwani na chumvi huingia humo, vali ikaanza kuvuja polepole, na ndiyo sababu gari linaloonekana zima hupoteza PSI mbili kwa wiki na mwenyewe akalaumu mafuta.